Bila Mtu Pembeni, Slaidi Hazisomeki

Tumpe, mtoto wa marehemu dada yangu, amekaa mbele yangu anachambua maharage kwenye ungo, na nimemkataza kuinuka mpaka nimalize ukurasa. Ameomba mara mbili aende dukani. Nimemwambia athubutu! Mwaka umepita tangu nistaafu, vijana wa maabara wananiuliza yako wapi yale mambo ya kazi niliyoahidi kuwaandikia, na daftari limekaa juu ya kabati halina hata nukta. Jana Tumpe kaja kunisalimia akalala hapa, asubuhi nikampa ungo, nikamwambia kaa hapo. Leo naandika.

Msicheke. Hivi ndivyo nilivyofanya kazi ya maabara hapa Tukuyu tangu nikiwa msichana mpaka mvi zikanitoka, na mwenye kutafuta habari za vyeo na mishahara atafute kwingine. Miaka ya mwishomwisho alikuja daktari kijana akaniangalia siku mbili tatu, akasema, "Mama, hiyo hali yako ina jina, inaitwa ADHD. Wewe kujua kwamba kazi ni muhimu hakukusukumi. Kinachokusukuma ni kile kilicho mbele ya macho yako." Nilimshukuru. Halafu nikaenda nyuma ya jengo nikalia kwa hasira, kwa sababu miaka yote hiyo mimi nilishapewa jina jingine, tena la Kiswahili safi: mvivu.

Lilianza shuleni. Mwalimu wangu wa darasa la nne alinichapa kila Jumatatu kwa ajili ya daftari la mazoezi, akiamini fimbo itanisukuma. Fimbo ilinifanya niifikirie fimbo, basi; zile hesabu wala sikuziona. Lakini nikikaa jikoni na bibi yangu akimenya ndizi, naye hajui kusoma hata herufi moja, hesabu ziliisha kabla chungu hakijachemka. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejiuliza kwa nini. Walijua kuchapa tu.

Maabara niliyopangiwa ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama uani. Darubini ilikuwa moja, ya kioo chini, inayotegemea mwanga wa nje, kwa hiyo asubuhi ya ukungu tulikaa tukitazamana mpaka kweupe. Ilikuwa miaka ile ya kukosa kila kitu. Sabuni ya shida, rangi ya kupakia slaidi tunapimiana kwa matone, na slaidi zenyewe, vile vipande vya kioo vya kupakia damu, tuliziosha tukazirudia mpaka zikachubuka. Ukivunja moja unaandika maelezo kama umeua mtu.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee Asajile, mtu mfupi, mpole, aliyejifunza kazi kwa kutazama mikono ya wenziwe. Akiwa hana la kufanya alishona viatu vya matairi humohumo ndani. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni. "Ugonile, mwanangu," akanisalimia Kinyakyusa, halafu akaendelea kwa Kiswahili, "hapa hatukimbii, lakini hatulazi kazi."

Nikalaza kazi wiki ileile. Wagonjwa wa dirishani niliwamaliza haraka hata yeye akashangaa: mama kashika mtoto ana homa, namtoboa kidole, napaka damu, natafuta vidudu vya malaria, majibu haya hapa. Lakini palikuwa na trei ya bati yenye slaidi kutoka zahanati za vijijini, zimefungwa kwenye karatasi, zina namba tu. Hizo zilinishinda. Si kwamba sikutaka. Nilikaa mbele ya trei, nikaipenda kabisa kazi yangu, nikaona nyoya kwenye lenzi, nikasafisha lenzi, nikasafisha lenzi zote, nikapanga chupa kabatini kwa ukubwa, nikaenda nyumbani. Kesho yake vilevile. Wiki mbili!

Mzee Asajile alipoifunua ile karatasi nilikuwa bado nimeshika tambara la lenzi. Nilisubiri matusi.

"Hawa wa dirishani unawasoma kwa dakika," akasema. "Hawa wa kwenye trei wamekukosea nini?"

"Sijui, mzee. Kweli kabisa sijui."

"Enhe. Basi tutafute."

Alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kusema hivyo. Wengine wote walikwisha kupata jibu kabla ya kuuliza.

Akavuta kigoda, akakaa ubavuni kwangu na kiatu chake cha tairi na sindano, akaniambia nitaje namba kwa sauti. Nikataja. "Kumi na nne." "Enhe," akajibu, anavuta uzi. "Hakuna kitu." "Enhe." "Kumi na tano." "Enhe." "Wapo, tena wengi." "Enhe, andika." Hakutazama darubini hata mara moja. Trei nzima ikaisha kabla ya chakula cha mchana, na yeye akamaliza mguu wa kushoto.

Tangu siku hiyo tukafanya utaratibu wetu. Wagonjwa wakawekewa benchi nje, usawa wa dirisha, waketi wakinitazama. Slaidi za vijijini zikapigwa marufuku kuachwa, tukaanzia na za Nkunga: anayezileta asubiri majibu. Ambakisye, mhudumu wa zahanati ya Nkunga, alikuja na baiskeli na manung'uniko. "Mzee, mimi ni tarishi, si mgonjwa. Nikae hapa nafanya nini?" Mzee Asajile akamjibu, "Unafanya kazi. Kaa umtazame dada Tusekile." Ambakisye akakaa kanuna, akatafuna muwa wake, akaondoka na majibu yake mfukoni saa sita. Baada ya mwezi zahanati nyingine zikauliza kwa nini Nkunga wanapata majibu siku hiyohiyo. Ilikuwa ni Ambakisye na muwa wake, lakini ungemwambia nani akuelewe?

Nawaambia vijana jambo moja hapa, maana najua wengine wenu mko kama mimi na mnajificha. Anayekaa na wewe hahitaji kujua kazi yako. Asikusemeshe sana, asikukaripie, asichungulie. Awe na kazi yake mikononi na awe anakusubiri. Akikukaripia tu, imekwisha, akili yote inamhamia yeye. Na saa ya kengele msinunue. Mimi nilinunua, pale mipaka ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kumwagika madukani. Ililia, nikaizima, nikaendelea kupanga chupa.

Basi, ruksa ikaja, mageuzi yakaja. Sitasema uongo, tulifurahi. Sabuni ikarudi, rangi zikapatikana, tukaletewa darubini ya umeme. Mjini zikafunguliwa zahanati za watu binafsi na maabara zao, mpaka kule Ibighi, na wakubwa wetu wakaanza kuongea lugha mpya: ushindani, ufanisi, kujituma. Hilo la mwisho walilipenda kuliko yote. Mganga mfawidhi mpya alirudi semina, akabandika karatasi ukutani: MTUMISHI BORA HUJITUMA. Mimi nikaisoma kila asubuhi, na haikuwahi kunisomea slaidi hata moja.

Halafu wakaja wapunguzaji. Mmesimuliwa yale majina yaliyosomwa kwenye mikutano, watu wanakwenda nyumbani na barua? Walikuja maabara wageni wawili na ubao wa kuandikia, wakakaa robo saa. Walichokiona ni mzee anashona kiatu. Barua ya mzee Asajile ilisema hana kazi mahususi. Hana kazi mahususi! Mtu aliyefanya slaidi za tarafa nzima zisomeke siku ileile kwa kukaa tu na kuitikia! Nilitaka kwenda kupiga kelele ofisini, yeye akanishika mkono. "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana kwa miaka yote," akasema. "Tafuta mtu mwingine wa kukaa nawe." Akabeba kigoda chake, akaenda shambani kwake, na hasira ile mpaka leo haijanitoka.

Mwaka uleule wakaziba dirisha. Wagonjwa sasa walianzia kwa mhasibu, wakaonyesha stakabadhi kwenye tundu la ukubwa wa tofali, wakaacha sampuli, wakaambiwa warudi. Benchi likahamishwa. Matarishi hawakusubiri tena, wakaacha trei na kuondoka, na hiyo ndiyo ikaitwa ufanisi. Zamani tulikosa rangi tukawa na benchi. Sasa rangi ilikuwepo tele, na mimi nimefungiwa na ukuta mweupe.

Nilimwomba mganga mfawidhi anirudishie dirisha. Nilieleza kila kitu, kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, si kwa ubaya. "Dada Tusekile, mtu mzima wewe. Jitume."

Sasa naandika lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Tumpe, usiinuke.

Katika trei ya makohozi palikuwa na slaidi tatu za Atupele, mama mmoja wa Kisondela, mkulima wa ndizi, aliyekuwa akikohoa tangu mavuno. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, Neema, hajafikisha mwaka. Mimi sikumjua. Kwangu alikuwa namba. Zile slaidi zilikaa siku tisa. Siku tisa hizo nilitengeneza mashine iliyoharibika miezi, nikaandika upya rejista iliyochanika, nikafika kwanza na kuondoka mwisho. Kila siku niliivuta ile trei karibu, na kila siku mkono wangu ulikwenda kwenye kitu kingine. Mwenye kutaka kuita uvivu, aite. Mvivu angelala, mimi sikukaa chini.

Siku ya kumi akaingia sista Rehema wa kliniki ya kifua kikuu. Akafunga mlango, akasimama juu yangu. "Dada, yule Atupele karudi mara ya tatu. Majibu yake nampa lini?" Nikatia tone la mafuta ya darubini, nikaweka slaidi chini ya lenzi, yeye kasimama palepale. Sikuhitaji hata dakika mbili. Uwanja wa bluu ulijaa vijiti vyekundu, vidudu vya kifua kikuu, kila nilipogeuza.

"Mungu wangu," akasema sista Rehema. "Na ananyonyesha."

Niliitwa kwenye kamati. Barua ilikwisha kuchapwa: uzembe, na kwamba sijitumi. Walikuwa na haki ya kukasirika, hilo siwanyimi. Lakini niliwauliza swali moja. Nilisema, "Huyu mama ataanza dawa kesho. Mtampa vidonge aende navyo nyumbani?" Wakasema hapana, miezi miwili ya kwanza atakuja kila siku, anywe mbele ya sista. Nikauliza kwa nini. Mganga mfawidhi akanijibu kwa uvumilivu kama anamfundisha mwanafunzi, "Kwa sababu ni binadamu. Peke yake atasahau, ataahirisha, atachoka, hata kama anajua atakufa."

"Na mnamwita mvivu?"

Mganga mfawidhi akafungua kalamu. Halafu akasema, "Yule ni mgonjwa. Wewe ni mtumishi." Akasogeza barua nisaini.

Nilisaini. Nilikuwa na watoto wa kusomesha na majina yalikuwa bado yanasomwa. Lakini nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Hospitali nzima ilijua kwamba mtu anahitaji jicho la mwenziwe ili ameze kidonge, tena kidonge cha kumwokoa yeye mwenyewe, na wameliandikia mwongozo na kadi ya kuweka vema. Mimi kuomba benchi nikaambiwa ni mtu mzima.

Atupele alihamia kwa shangazi yake Ibighi ili awahi dawa kila asubuhi. Wiki ya tatu, sista aliposema hana tena hatari ya kuambukiza, nilimfuata barazani. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyemwambia. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ndiye wa maabara, na slaidi zake zilikaa kwangu siku tisa bila kusomwa.

Alikuwa ananyonyesha. Akamtoa mtoto kwenye titi, akamfunika.

"Zilikuwa hazionekani?"

"Zilikuwa mbele yangu."

"Siku tisa nimelala na huyu kifuani," akasema polepole. "Siku tisa, mama. Nilikuwa namwimbia, namkoholea usoni. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia. Chupa, lenzi, rejista, trei, dirisha lililozibwa, mzee na kigoda chake. Sikuomba anielewe. Macho yake hayakulainika hata kidogo.

"Kwa hiyo ukitazamwa unasoma?"

"Nikitazamwa na mtu anayesubiri, ndiyo."

"Zipo nyingine sasa hivi kwenye hiyo trei?"

"Zipo."

Akasimama, akamfunga mtoto mgongoni. "Mlango wa nyuma uko wapi?"

Alikaa nje ya mlango wa nyuma wa maabara, chini ya ukingo wa paa, amejitanda khanga na mwamvuli magotini, nami nimeusukuma mlango wazi. Anameza dawa kwa sista, anakuja kukaa. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Hakuwa mpole kama mzee wangu. Nikiinuka bila sababu aliuliza, "Unakwenda wapi?" Nikisema nakwenda kusafisha chupa alisema, "Chupa haina mtoto." Narudi. Trei ikawa inaisha kila siku kabla ya saa tano.

Mganga mfawidhi alipomkuta alisema mgonjwa haruhusiwi maabara. Atupele hakuinua hata macho kwenye ukili. "Niko nje, daktari. Hii baraza ni ya serikali, nami ni mwananchi." Akageuka, akaondoka. Lakini majibu yaliendelea kutoka, na mtu anayetaka ufanisi hawezi kuugombeza ukimjia na mkeka.

Kisha Neema akaanza kukohoa. Sitaki kuandika sana juu ya miezi ile. Mtoto alikonda mpaka kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili, akapewa dawa zilizosagwa kwenye uji, na mama yake akawa anakuja wakati mwingine bila kusema hata salamu, anakaa tu, ananitazama. Kama ni zile siku tisa zilizomuumiza au zile wiki zote za kabla yake, hakuna darubini ya kuonyesha. Mimi nilijihesabia zote tisa.

Aliishi. Nasema mapema msije mkahangaika: aliishi, akanenepa, akaanza kutembea akishikilia mguu wa meza ya maabara, jambo ambalo pia haliruhusiwi.

Atupele alipomaliza dawa zake zote, baada ya miezi minane, tulichukua makohozi tena. Niliisoma slaidi hiyo na yeye mlangoni. Nilipekua uwanja baada ya uwanja, bluu tupu. Nikamwambia, "Hakuna." Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Hakuna. Ndipo nikapiga magoti pale mlangoni, mtumishi wa serikali na koti lake jeupe, nikamshika miguu kama tunavyowashika wakubwa zetu, nikamwambia, "Mama Neema, nisamehe."

"Hapana."

"Mtoto kapona, nawe umepona."

"Ndiyo maana sikusamehi," akasema. "Nikikusamehe utalegea. Inuka, lete trei."

Akarudi Kisondela. Lakini kila alipoleta ndizi sokoni Tukuyu alipita mlango wa nyuma, akatua mkungu, akakaa saa moja. Siku nyingine niliwatega watu wengine: ndugu za wagonjwa, mlinzi na redio yake, wanafunzi wa mazoezi, ninyi wenyewe niliowaambia mje mle chakula chenu kwangu mkadhani nawapenda sana. Nilijifunza kuomba bila aibu. Wakubwa walibadilika, karatasi za ukutani zikabadilika, trei yangu haikulala tena hata siku mbili. Na kila mwaka, siku ambayo slaidi ile ilikuwa safi, nilimuuliza Atupele kama bado. Kila mwaka akajibu, "Bado."

Siku niliyokabidhi funguo, alikuja hana mkungu. Neema alimsindikiza, mwanamke mzima sasa, ana mtoto wake mgongoni. Nilikuwa nimesoma slaidi yangu ya mwisho, nimefuta lenzi, nimefunika darubini. Atupele alichungulia kwenye trei, akaigeuza juu chini, akaona haina kitu.

"Umemaliza kazi kabisa?" akauliza. "Hurudi tena?"

"Sirudi."

"Basi nimekusamehe," akasema, akaniinamia kunishika miguu kabla sijamzuia.